Nao usingizi uliopotea uhesabiwe

Huku kwetu Kimulot, katika eneobunge la Konoin, kaunti ya Bomet, mvua ya mawe si jambo geni. Nchi hii ya chai, kuanzia Kericho hadi milima ya Nandi, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua hiyo mara nyingi zaidi ulimwenguni. Mkulima anapoisikia ikianza kugonga mabati huingiwa na wasiwasi juu ya shamba lake, kwani kwa muda mfupi tu majani machanga aliyotarajia kuyapeleka kituoni kesho yake huwa yamechanika yote. Huo ni wasiwasi wa kawaida, nao hupungua kunapokucha.

Lakini ninaye jirani, mwanamke wa makamo, ambaye mvua hiyo ikinyesha usiku huwa hana habari ya chai. Huamka akipiga mayowe, akawakusanya wanawe na kuwasukuma chini ya kitanda. Kwa miaka mingi watu walisema, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema, kwamba mama huyo ana mashetani. Siku moja nilimuuliza kwa upole ni kitu gani hasa kinachomtisha. Alinitazama kwa muda, kisha akanijibu, "Mwalimu, nyinyi mnasikia mvua. Mimi nasikia mawe."

Mwishoni mwa mwaka wa 2007 mama huyo alikuwa mchumaji katika shamba moja kubwa la chai, naye akiishi katika kambi ya wafanyakazi. Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 27 Desemba. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30, moto ukawaka. Katika mashamba ya Kericho na sehemu zinazopakana nayo, makundi ya watu yalizivamia kambi za wafanyakazi waliohesabiwa kuwa wageni. Watu waliuawa, wanawake wakabakwa, nyumba zikaporwa. Mama huyu aliukesha usiku mmoja sakafuni huku mawe yakianguka juu ya paa, na usiku wa pili akaukesha katikati ya mimea ya chai, amelowa chapachapa, asithubutu hata kupiga chafya. Miaka ilipita, akaolewa huku kwetu, akajenga, akalea. Mchana ni mtu wa kawaida kabisa, mchapa kazi na mcheshi. Usiku ndio ambao haujamsahau.

Baada ya ghasia zile, serikali ilihesabu. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilitaja watu 1,133 waliouawa nchini, na zaidi ya nusu yao walikuwa wa Mkoa wa Bonde la Ufa. Nyumba zilizoteketezwa zilihesabiwa. Wakimbizi wa ndani walihesabiwa, wakagawiwa mablanketi, na baadhi yao wakapewa fedha au mashamba. Sipingi hata moja katika hayo. Lakini kuna hasara moja ambayo haikuandikwa katika daftari lolote, nayo ni usingizi.

Wako walioitafuta haki yao mbali sana. Wafanyakazi na jamaa za wafanyakazi wa kampuni ya Unilever, ambayo wakati huo ilimiliki mashamba makubwa ya Kericho, jumla yao wakiwa 218, waliipeleka kesi yao hadi London wakidai kwamba hawakulindwa. Mahakama Kuu ya huko iliikataa mwaka wa 2017. Julai 2018 Mahakama ya Rufani nayo ikashikilia kwamba kampuni mama haikuwa na wajibu wa kisheria kwao. Simo katika kubishana na majaji hapa. Ninalotaka msomaji alione ni kwamba hata lau hukumu ingaliwafaa wale walioshtaki, bado mtu angerudi nyumbani na hundi yake, akazima taa, na saa tisa za usiku akajikuta amerudi mahali palepale. Fidia ni haki, lakini haimlazi mtu.

Makala haya yana jambo moja tu la kusema. Ndoto za kutisha zinazomrudia mtu mwaka baada ya mwaka si aibu, si laana, wala si dalili ya unyonge. Ni jeraha, na jeraha hilo lina tiba inayojulikana, tiba isiyohitaji mashine wala ndege ya kwenda ng'ambo. Basi kuwaacha watu wakeshe nayo kwa karibu miongo miwili, ilhali dawa yake ingeweza kutolewa katika zahanati ya kijijini, ni kosa letu sote.

Nami sijitoi katika hesabu hiyo. Usiku mmoja wa Januari 2008 mtu aligonga mlango wangu. Alinijua, kwa kuwa aliniita Mwalimu. Sauti ilikuwa ya mwanamume, na nyuma yake nilisikia mtoto akikohoa. Sikufungua. Nilihofu kwamba vijana wa kijiji changu mwenyewe, ambao baadhi yao nilikuwa nimewafundisha kusoma, wangenichomea nyumba. Aligonga tena polepole, kisha nikasikia nyayo zikienda zao. Sijui mtu yule alikuwa nani wala alifika wapi. Tangu usiku ule huota mlango ukigongwa. Huota nikiunyosha mkono, na kila mara huamka kabla mkono haujafika kwenye komeo.

Nimelitaja hili si kwa kutafuta huruma, bali kwa sababu tumezoea kudhani kwamba wanaoota vibaya ni walioumizwa peke yao. Sivyo. Wamo pia walioshuhudia, waliojificha, na waliofunga milango. Na tuseme kweli japo inachoma: wamo hata waliorusha mawe. Vijana wale sasa ni watu wazima wenye wake na watoto, na mmoja wao huonekana mara kwa mara akilala mchana kivulini kwa vile usiku hathubutu. Aliyetenda uovu ana hesabu yake mbele ya sheria na mbele ya Mungu, wala usingizi wake haumfutii hesabu hiyo. Hata hivyo jamii ambayo nusu yake hailali haiwezi kusema kwamba ina amani.

Hebu sasa tulitazame jambo lenyewe. Kiswahili kina neno jinamizi, na wazee walilitumia kwa mambo mawili ambayo yafaa kutenganishwa. La kwanza ni kule kukabwa: mtu huzinduka, macho yakaona chumba, lakini mwili haujongei wala sauti haitoki, naye huhisi kama kuna kitu kizito kimemkalia kifuani. La pili ni ndoto ya kutisha ambayo humwamsha mtu moyo ukimwenda mbio, naye akaikumbuka yote tangu mwanzo.

Kukabwa kuna sababu yake. Katika ile sehemu ya usingizi ambayo tunaota zaidi, ubongo huifungia misuli ya mwili ili mtu asije akatenda kwa mikono na miguu yale anayoyaota. Mara nyingine akili hutangulia kuamka kabla kufuli hiyo haijafunguliwa. Hali hiyo hupita baada ya muda mfupi na haiui, lakini asiyeijua huamini kwamba ameingiliwa na kiumbe. Tusidhani kwamba ni watu wa milimani tu wanaoamini hivyo. Mwaka wa 1995 visiwa vya Pemba na Unguja vilitingishwa na hofu ya Popobawa, aliyesemekana kuwakaba watu vitandani mwao usiku. Watu walilala nje makundi makundi wakiota moto, na katika hofu hiyo mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati akidhaniwa kuwa ndiye. Wataalamu walioyachunguza maelezo ya walioshambuliwa waliona kwamba mengi yalifanana na kukabwa huku ninakokueleza. Funzo lake ni zito: hofu ya usiku isipopata maelezo hujitafutia mtu wa kulaumiwa, na aghalabu humpata mnyonge.

Ama ndoto za kutisha zinazojirudia, hizo zina mwenendo wake. Usingizi wa ndoto huja kwa zamu, takribani kila baada ya dakika tisini, na zamu hizo hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Ndiyo sababu jinamizi la aina hii huja zaidi saa tisa au saa kumi za usiku, wakati ambapo mchumaji chai anahitaji mno kumalizia usingizi wake kabla ya kuamka. Tena mtu huamka kabla ndoto haijafika mwisho. Hadithi haimaliziki, nayo hurudi usiku mwingine ikianzia palepale. Baada ya muda mtu huanza kukiogopa kitanda chenyewe. Hukawia kulala, hukesha makusudi, na mwili uliochoka ukipata upenyo hutumbukia katika ndoto kwa nguvu zaidi. Mduara umekamilika. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka; mtu huyu, hata macho yakiwa yamefumba, ung'ongo anauona.

Hasara yake haikai chumbani. Katika kambi nyingi za wafanyakazi jamaa nzima hulala pamoja, na anapopiga mayowe mmoja huamka wote. Watoto huenda shule wakisinzia. Mchumaji anayelipwa kwa kilo hujikuta kapu lake limepungua. Mwendeshaji wa bodaboda au trekta ambaye hakulala ni hatari kwake na kwa wengine. Ndoa huvunjika kimyakimya, mume akihamia kitanda kingine, kisha nyumba nyingine.

Watu hujitibu vipi? Hapa ndipo tunapojidanganya. Wengi hukimbilia pombe. Ni kweli kwamba chang'aa humlaza mtu upesi, lakini pombe huzizuia ndoto mwanzoni mwa usiku, na inapokwisha nguvu mwilini, ndoto hurudi kwa kishindo karibu na alfajiri. Anayekunywa ili asiote huishia kuota zaidi na kunywa zaidi. Wengine hununua vidonge vya usingizi dukani bila ushauri wa daktari. Shirika la Afya Duniani lilionya mwaka wa 2013 kwamba jamii ya vidonge kama valiamu isipewe watu kwa ajili ya dhiki inayotokana na mkasa katika mwezi wa kwanza. Haviponyi jeraha lenyewe, na mwili huvizoea hata ikawa shida kuviacha.

Lipo na jambo ambalo huku kwetu ni zito kulisema. Sisi tunaishi kwa chai, na tunaweka birika mekoni asubuhi, mchana na usiku. Lakini chai ina kafeini, na saa tano hivi baada ya kunywa, karibu nusu yake ingalimo mwilini. Mtu anayekunywa vikombe vitatu vya chai kali saa mbili za usiku kisha akalalamika kwamba halali, ajiulize. Sisemi tuiache chai, tungekula nini? Nasema mwenye matatizo ya usingizi aimalize ya mwisho mapema alasiri.

Zaidi ya hayo, baadhi ya dawa za hospitali huleta ndoto mbaya. Meflokwini ya malaria inajulikana kwa jambo hilo, kadhalika efavirenzi, ambayo kwa miaka mingi ilitumiwa na wanaoishi na virusi vya ukimwi, na baadhi ya dawa za moyo na shinikizo la damu kama vile propranololi. Ambaye ndoto zake zilianza mara tu alipoanza dawa mpya na amweleze daktari wake. Asithubutu kuiacha dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Na maombi je? Sina neno baya juu ya maombi. Nimewaona watu waliotulizwa nayo, nami mwenyewe huomba. Kosa huingia pale ambapo mwenye kuota huambiwa kwamba anaota kwa sababu ya dhambi au imani haba. Mtu huyo huondoka na mizigo miwili badala ya mmoja, na hatasema tena. Mchungaji mwema husali na mgonjwa, kisha humwonyesha njia ya zahanati.

Tiba yenyewe ni rahisi kueleza kuliko ilivyo rahisi kuamini. Mwenye kuota huchagua ndoto moja, na ikiwezekana asianze na ile kali kuliko zote. Mchana kweupe, mahali pa usalama, huisimulia au kuiandika. Kisha huibadilisha apendavyo, hasa mwisho wake, hata ikawa hadithi nyingine. Halafu kila siku, kwa muda wa dakika kumi au ishirini, hufumba macho na kuipitisha mawazoni hadithi ile mpya, si ile ya zamani. Ni hayo tu. Mwaka wa 2001 daktari Barry Krakow na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafundisha njia hii wanawake waliokuwa wamebakwa au kudhulumiwa kingono, katika uchunguzi uliohusu wanawake 168. Kwa vikao vitatu tu, ndoto zilipungua na usingizi ukaboreka. Kwa upande mwingine, prazosini, dawa ya shinikizo la damu iliyokuwa imetiliwa matumaini makubwa, ilipojaribiwa kwa askari wengi wa zamani wa Marekani, matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2018 yalionyesha kwamba haikushinda kidonge kisicho na dawa.

Pamoja na hayo ziko kanuni za kuurudisha usingizi. Amka saa ile ile kila siku hata kama hukulala. Usiende kitandani kabla usingizi haujakujia. Ukiwa umelala macho kwa muda mrefu, inuka, ukae mahali pengine penye mwanga hafifu, urudi usingizi unapokunyemelea. Kitanda kisije kikawa mahali pa mapambano. Na ukizinduka kutoka katika ndoto, gusa ukuta, taja jina lako, taja mwaka, taja mahali ulipo. Mwambie mwili kwamba huu si usiku ule.

Najua kuna watakaosema kwamba wakati ni tabibu, na kwamba kufukua mambo ya kale ni kutonesha kidonda. Hoja hii ina ukweli wake kidogo. Kumlazimisha mtu asimulie mkasa mara tu baada ya kutokea, katika kikao kimoja, kisha kumwacha aende zake, hakusaidii, na wataalamu wamekwisha kuonya dhidi ya desturi hiyo. Tena ni kweli kwamba wengi waliopatwa na mikasa hupona polepole bila ya tabibu. Lakini ambaye bado anaamka akipiga mayowe baada ya miaka kumi na zaidi, wakati umekwisha kumfanyia yote uliyoweza. Jirani yangu ananiambia kwamba ndoto zake zilizidi mwaka wa 2013, zikazidi tena 2017 na 2022. Msomaji ataona mara moja kwamba hiyo ilikuwa miaka ya uchaguzi. Kidonda ambacho hutoneshwa kila baada ya miaka mitano hakiwezi kuachiwa wakati peke yake.

Watakaosema kwamba hatuna madaktari wa akili wa kutosha nao hawasemi uongo. Lakini kazi hii haiwangojei madaktari pekee. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, wakimbizi wenyewe walifundishwa kwa majuma machache tu namna ya kuwasaidia wenzao, Wanyarwanda na Wasomali, kuyasimulia maisha yao kwa utaratibu tangu kuzaliwa, mkasa ukawekwa mahali pake katika hadithi nzima. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2008. Kati ya waliohudumiwa hivyo, takribani theluthi mbili au zaidi hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Kati ya wale waliofuatiliwa tu bila tiba, ilikuwa yapata theluthi moja. Hapa kwetu Kenya, viungani mwa Nairobi, wanawake 421 wenye dhiki ya moyo, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, walishirikishwa katika utafiti ambao matokeo yake yalitolewa mwaka wa 2017. Waliohudumiwa na wahudumu wa kawaida wa afya ya jamii kwa vikao vitano walipata nafuu kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida. Ikiwa mkimbizi aliyekimbia vita ameweza kumtibu mkimbizi mwenzake, itakuwaje sisi tushindwe?

Basi ninapendekeza mambo manne. Kwanza, wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao zaidi ya 100,000 walizinduliwa nchini mwezi wa Septemba 2023 na kupewa vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari, waongezewe kifaa kimoja ambacho hakigharimu chochote, nacho ni swali: "Unalalaje?" Atakayejibu kwamba halali, na asiachwe hapo, aandikwe na aelekezwe.

Pili, katika kila zahanati ya nchi hii ya chai, muuguzi mmoja au afisa wa kliniki afundishwe tiba hii niliyoieleza, na atengewe chumba chenye mlango unaofungika. Mgonjwa ambaye hali yake imezidi apelekwe hospitali kubwa, kama vile Longisa au Kericho. Jopokazi la afya ya akili lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa, na sheria ya afya ya akili ikarekebishwa mwaka wa 2022. Maneno yapo ya kutosha; sasa tunataka chumba na mtu. Na ikiwa mgonjwa amefikia hali ya kutaka kujitoa uhai, mahali pake ni hospitali. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Wazee wa vijiji na machifu wayashike hayo.

Tatu, wenye mashamba makubwa, wa zamani na waliokuja kununua, wajue kwamba hununua pamoja na ardhi historia yake. Zahanati zao zitibu usingizi kama zinavyotibu vidole vilivyokatika. Na wakomeshe chanzo kipya cha majinamizi. Mwezi wa Februari 2023 shirika la utangazaji la BBC lilitangaza uchunguzi uliowaonyesha wanawake wa mashamba ya chai ya Kericho wakieleza jinsi walivyolazimishwa kulala na wasimamizi ili wapate au wasipoteze kazi. Mwanamke wa namna hiyo hana haja ya uchaguzi ili asilale. Anayemtisha humwona kila asubuhi.

Nne, sisi wenyewe. Tuache kuwacheka wanaopiga mayowe usiku. Tuache kusema fulani ana mashetani. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini maradhi haya hufichwa kwa sababu kilio chake tumekigeuza mzaha.

Mimi nilifundishwa njia ile ya kuubadilisha mwisho wa ndoto na muuguzi mmoja mvumilivu, nilipokwenda kwake kwa ajili ya shinikizo la damu naye akaniuliza habari za usingizi. Katika hadithi yangu mpya mkono unafika kwenye komeo, mlango unafunguka, na mtoto anaingia kuota moto. Mwanzoni niliona ni udanganyifu, kwani ukweli ni kwamba sikufungua. Muuguzi aliniambia kwamba ukweli utabaki pale pale, na kwamba siponi ili nisahau, bali ili niweze kuutazama nikiwa macho. Zamani ndoto hiyo ilinijia takribani kila juma. Siku hizi hupita mwezi.

Nilipokwisha kupata nguvu hiyo, nilikwenda kwa jirani yangu nikamweleza habari za mlango wangu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu wa kijiji hiki. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe hata mliofunga milango hamkulala, Mwalimu." Hakusema kwamba amenisamehe, wala sikumwomba aseme kwa niaba ya mtu mwingine. Lakini juma lililofuata aliniuliza zahanati ile hufunguliwa siku gani, nami nikamsindikiza hadi mlangoni.

Wako wengine wengi kama yeye katika milima hii. Serikali na wahesabiwe, na watibiwe, kabla ya msimu mwingine wa kura na mvua nyingine ya mawe.